UZI: Kadi za grafiki zijazo. Nanomita zimebaki jina, kazi iko kwenye memori na umeme

Fundi_Mkunguni (Lamu)

Swali la "ninunue sasa au ningoje kizazi kijacho" limerudi kwenye uzi wa bei, na kila anayejibu anataja nanomita (majina ya teknolojia ya kiwanda: 8nm, 4nm, 3nm). Nanomita peke yake hazijibu kitu. Chukueni idadi ya transista, gawanyeni kwa ukubwa wa chipu, muone:

Kadi za Nvidia. RTX 3090 ya 2020, kiwanda cha Samsung, 8nm: transista bilioni 28.3 kwenye milimita mraba 628. Milioni 45 kwa kila milimita mraba.
RTX 4090 ya 2022, kiwanda cha TSMC, teknolojia ya 4N: bilioni 76.3 kwenye 608. Milioni 125.
RTX 5090 ya 2025, TSMC 4N hiyohiyo: bilioni 92.2 kwenye 750. Milioni 123.

Kutoka ya kwanza hadi ya pili msongamano umepanda mara 2.8. Kutoka ya pili hadi ya tatu haukupanda kabisa, umeshuka kidogo. Basi 5090 imeipita 4090 kwa nini? Kwa ukubwa wa chipu, kwa umeme na kwa memori. Wati zimetoka 450 hadi 575, ongezeko la asilimia 28. Viini vya CUDA (vitengo vya hesabu vya Nvidia) vimetoka 16,384 hadi 21,760, asilimia 33. Kasi ya memori imetoka GB 1,008 kwa sekunde hadi GB 1,792, asilimia 78. Gemu zimepanda kwa kadiri ya wati na viini. Kazi za AI zinazokula memori ndizo zilizofaidi zaidi.

Kubahatisha kwangu: 3080 ilitoka Septemba 2020, 4090 Oktoba 2022, 5090 Januari 2025. Miezi 25, kisha 27. Mwendo huo ukiendelea, kinachofuata ni mwanzoni mwa 2027, kwenye familia ya N3 ya TSMC, ile "3nm". Wala msitarajie ule mruko wa 2022. Ule ulikuwa wa kuhama kiwanda kutoka Samsung kwenda TSMC, na kuhama huko hakutarudiwa.

KijanaWatamu

Maalim, hapo umebana mno. TSMC wenyewe walitangaza N3E, tawi la N3, inaokoa umeme asilimia 34 ikilinganishwa na N5, ile "5nm" yao. Piga 575 kwa 0.66, unapata wati 380 kwa nguvu ileile ya 5090. Kwa bili za tokeni za huku Malindi, hiyo si sababu tosha ya kungoja?

BintiShela

Kaka, umeanzia ngazi isiyo yako. Asilimia 34 ni dhidi ya N5 ya mwanzo, na kadi za leo hazipo hapo. Chipu ya RX 9070 XT ya AMD imechapwa kwa N4P, N5 iliyoboreshwa, na N4P ilishachukua sehemu ya faida hiyo: TSMC waliipa kasi asilimia 11 zaidi ya N5, au umeme pungufu kwa asilimia 22. Ondoa kilichokwisha kuliwa:

Umeme: 0.66 gawanya kwa 0.78 ni 0.85. Umebaki na akiba ya asilimia 15.
Kasi: N3E ilitangazwa na asilimia 18 juu ya N5, basi 1.18 gawanya kwa 1.11 ni 1.06. Asilimia 6.

Ukitumia N3P, inayoongeza kama asilimia 5 ya kasi juu ya N3E, unafika karibu asilimia 11 za kasi, au zaidi kidogo ya asilimia 20 za umeme. Ni moja kati ya hizo mbili, hupewi zote pamoja. Matangazo huziweka mstari mmoja, watu wakazijumlisha.

Nyongeza kwa Fundi: usiseme 4nm imekauka. Hiyo 9070 XT ina transista bilioni 53.9 kwenye milimita mraba 357, yaani milioni 151 kwa milimita. Familia ileile ya kiwanda, ila mpangilio umebanwa zaidi. Bado ipo nafasi ya kubana, lakini hiyo ni kazi ya mchoraji wa chipu.

Na neno "3nm" lisimtie mtu pumbazo. Kwenye N3E umbali kutoka geti (swichi ya transista) hadi geti ni karibu nanomita 48. Hakuna kitu chenye nanomita 3 mle ndani kinachostahili jina hilo.

Nahodha_Mkomani

Tatizo kubwa la N3 hamjaligusa: seli ya SRAM, ile memori ya ndani ya chipu inayounda kashe. Kwenye N5 ni mikromita mraba 0.021. Kwenye N3E ni 0.021 vilevile. Logiki, yaani saketi za hesabu, imepungua, kashe imebaki palepale. Na kadi za siku hizi zimejaa kashe, 3090 ilikuwa na MB 6 za kashe ya L2 na 5090 ina MB 96. Kwa hivyo nusu ya chipu haitapungua hata ukienda N3.

Fundi_Mkunguni (Lamu)

Nahodha, kuhusu seli uko sawa. Hiyo "nusu ya chipu" ndiyo sikubaliani nayo, na hesabu yake fupi. MB 96 ni biti milioni 805. Zidisha kwa 0.021, unapata milimita mraba 17. Nyaya na vidhibiti vyake vikizidisha mara mbili, ni 34 kati ya 750. Haifiki hata asilimia 5.

Kinachokula nafasi na hakipungui ni saketi za kuongea na memori, zile zilizopanga ukingoni mwa chipu. Ni analogi, na ukubwa wake unaamuliwa na mkondo unaousukuma nje kwenye bodi. Njia ya memori ya biti 512, kama ya 5090, inataka ukingo mrefu, penda usipende. Chipu ndogo haina ukingo wa kutosha kubeba njia pana. Ndiyo maana kadi za bei ya chini zimekwama biti 128, na si ubahili peke yake.

N2, inayofuata N3, ndiyo iliyoipunguza SRAM tena kidogo, kwa sababu transista zimebadilika umbo: geti limezunguka pande zote. N2 imeanza kuzalishwa kwa wingi robo ya mwisho ya 2025, ila foleni yake ni ya simu na seva. Kadi ya gemu itaingia mwisho.

Maweni88 (Malindi)

Samahani wakubwa, kwa nini wasikate chipu vipande vidogo wakaviunganisha? AMD walifanya kwenye 7900 XTX 2022, kipande kimoja kikubwa cha N5 na sita vidogo vya N6. Nvidia wameunganisha viwili kwenye B200, chipu yao ya seva, transista bilioni 208. Ya mezani inazuiwa na nini?

BintiShela

Inazuiwa na bei ya gundi. Vile viwili vya B200 vinaongea kwa TB 10 kwa sekunde, na kasi hiyo haipiti kwenye bodi ya kawaida. Inataka kitanda cha kisasa chini yake, CoWoS, na nafasi za CoWoS zinagombewa na wanaouza kadi za seva kwa makumi ya maelfu ya dola. Huwezi kumwekea mcheza gemu.

Lakini sababu ya kutaka kukata ni ya kweli. Fikirini mkate wa sinia. Sinia ni duara la milimita 300, nawe unakata vipande vya mraba. Kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa, ndivyo ukingoni panavyopotea zaidi. Sasa mwagia punje za mchanga juu ya sinia: kipande chochote kilichoangukiwa na punje kinatupwa. Kipande kikubwa kina uwezekano mkubwa wa kuangukiwa.

Nachukua kasoro 0.1 kwa sentimita mraba kama mfano wa hesabu, kila kiwanda kina namba yake:

Chipu ya 750: zinaingia kama 70 kwenye sahani moja ya silikoni, asilimia 47 nzima, unabaki na 33.
Chipu ya 357: zinaingia 163, asilimia 70 nzima, unabaki na 114.
Chipu ya 181, ile ya 5060 Ti: zinaingia 341, asilimia 83 nzima, unabaki na 284.

Sahani ileile, gharama ileile. Ndiyo sababu 5090 haitumii chipu kamili. GB202, chipu ya 5090, ikiwa nzima ina SM (vikundi vya viini) 192, 5090 imewashwa 170. Zile 22 ni pazia la kufunika punje za mchanga.

Nahodha_Mkomani

Ongeza na dari ya mashine yenyewe. Mashine za EUV za leo, zinazochora chipu kwa mwanga, huchapa eneo la milimita 26 kwa 33 kwa mkupuo mmoja, milimita mraba 858. 5090 iko 750, imekaribia kugonga. Zile mpya za ASML, watengenezaji wa mashine hizo, zenye lenzi ya 0.55 badala ya 0.33 (ndizo High-NA) huchora mistari myembamba zaidi, lakini eneo lake ni nusu: 26 kwa 16.5, yaani 429. Chipu ya 750 haiingii. Ama uichape mara mbili na kuishona katikati, ama uikate. TSMC wamesema hata A14, teknolojia yao ya 2028, hawaihitaji mashine hiyo, Intel ndio waliotangulia kuinunua. Kwa hiyo wanaosema "High-NA italeta kadi kubwa zaidi" wanasema kinyume.

KijanaWatamu

Haya, nimekubali N3 si muujiza. Na kupitisha umeme nyuma ya chipu? Hilo nalo ni jina tu?

Fundi_Mkunguni (Lamu)

La, hilo ni la kweli, na kwangu ndilo kubwa kuliko N3 yote. Picha yake ni vichochoro vya Mkomani, hapa Lamu. Punda aliyebeba mawe na mtu anayekwenda msikitini wanapita ujia mmoja, upana wa mikono miwili. Chipu za leo ziko hivyo: nyaya nene za umeme na nyaya nyembamba za mawasiliano zote ziko upande wa juu, zinasukumana. Umeme ukipita tabaka zaidi ya kumi za nyaya mpaka ufike kwenye transista, volti imeshapungua njiani, nawe unalazimika kuongeza volti ili ifike ya kutosha. Volti huingia kwenye hesabu ya nguvu kwa kipeo cha pili, kwa hiyo nyongeza ndogo unailipa mara mbili.

Suluhisho ni kuwapa punda njia yao upande wa nyuma. Intel wametangulia kwenye teknolojia yao ya 18A, chipu za Panther Lake. TSMC wanaiita Super Power Rail kwenye A16, teknolojia waliyoipangia nusu ya pili ya 2026, na ahadi yao ni kasi asilimia 8 hadi 10 juu ya N2P (N2 iliyoboreshwa), au umeme pungufu asilimia 15 hadi 20.

Kasoro yake haitajwi sana: ili kufika nyuma, silikoni inasagwa mpaka iwe nyembamba mno. Silikoni nene ndiyo iliyokuwa ikitandaza joto pembeni. Ukiisaga, joto linabaki pale lilipozaliwa, na madoa ya moto yanakuwa makali. Kwa kadi ya wati 500 si jambo dogo. Kwa ubahatishaji wangu, kwenye kadi za mezani haitafika kabla ya vizazi viwili.

Langoni_PC

Mnazungumza transista, ila mnunuzi wa kawaida ataumia kwenye memori kwanza. Naeleza kwa ufupi.

Kila chipu ya GDDR7, memori ya kadi hizi, inatumia biti 32 za njia. Njia ya biti 128 ina chipu nne. Chipu za GB 2 zinakupa GB 8, na ukitaka 16 unaweka nne nyingine mgongoni mwa bodi, ndivyo ilivyofanywa 5060 Ti ya GB 16. Chipu za GB 3 zinabadilisha hesabu bila kugusa njia: biti 128 inakuwa GB 12, biti 192 inakuwa 18, biti 256 inakuwa 24. Si ndoto, 5090 ya laptopu tayari ina GB 24 kwa biti 256. Kwa hiyo uvumi wa toleo la Super, kadi zilezile zilizoongezwa memori, kwa hesabu hizo una mantiki ya kiufundi.

Kikwazo ni bei. Viwanda vya memori vimegeuzia uzalishaji wao kwenye HBM, memori ya kadi za seva, na Desemba 2025 Micron, watengenezaji wa memori, walitangaza kuiacha biashara ya Crucial ya wanunuzi wa kawaida. Chipu ya GB 3 itakwenda kwanza kwa anayelipa zaidi: RTX PRO 6000 moja, kadi ya kitaalamu ya GB 96, inameza 32. Anayengoja Super ili bei ishuke, angoje akijua hivyo.

Bei zilizotangazwa kadi zilipotoka 2025, dola kwa shilingi 129: 5060 Ti ya GB 16, dola 429, ni 55,341. Weka VAT ya asilimia 16, 64,196. 5090 ya dola 1,999 ni 257,871, na VAT inafika 299,130. Bado mzigo, bado basi mpaka Mokowe, bado boti.

Maweni88 (Malindi)

Shukran dada Binti na wote. Swali la mwisho kabla ya kuamua: kadi za wati 450 kwenda juu, na hii chumvi yetu na umeme wa kukatika, kipi huharibika kwanza?

Langoni_PC

Plagi. Ile ya umeme wa kadi, 12V-2x6, na dada yake wa zamani 12VHPWR. Itazameni kwa karibu: pini 12 kubwa, sita za volti 12 na sita za kurudi, na nne ndogo juu. Wati 575 gawanya kwa volti 12 ni ampea 48. Gawanya kwa pini sita, ampea 8 kila moja. Ukomo wa pini ni kama 9.5. Nafasi ya kukosea ni ndogo hivyo.

Kadi nyingi za 4090 na 5090 zinaziunganisha pini zote sita kuwa njia moja mara tu zinapoingia kwenye bodi, hakuna anayezigawia mzigo. Umeme hufuata njia nyepesi. Pini nne zikipata kutu ya chumvi, upinzani wake unapanda, mbili zilizobaki safi ndizo zinazobeba. Pini ya ampea 15 ina joto mara 3.5 ya ile ya ampea 8, kwa sababu joto linakwenda na mkondo kwa kipeo cha pili. Plastiki inayeyuka upande wa pini NZURI, na wengi wakifungua hulaumu pini isiyo na kosa.

Kupima: klampu (kipimo cha ampea kinachobana waya) ya DC, wazi wazi DC. Klampu ya bei rahisi husoma AC peke yake, itakuonyesha sifuri. Weka kadi kwenye mzigo kamili dakika kumi, pima waya sita za volti 12 mmoja mmoja. Zote zikiwa kati ya 6 na 9, sawa. Mmoja ukipita 9.5 na mwingine uko chini ya 5, zima, chomoa, chomeka upya mpaka ukingo wa plagi ukae bapa. Ikirudia, badilisha waya. Usichomechome ovyo, plagi hiyo imepimwa kwa mara 30 tu. Usikunje waya ndani ya milimita 35 za kwanza.

Chumvi: kesi isikae kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari, hasa kusi. Kila miezi mitatu safisha meno ya kadi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na isopropili ya asilimia 99. Raba ya penseli msitumie, inakwangua dhahabu na kuacha unga.

Umeme: UPS iliyoandikwa VA 1000 mara nyingi ni wati 600. Kompyuta ya 5090 inavuta 800. Umeme ukikatika UPS inazidiwa, inazima kila kitu. Halafu UPS za mawimbi ya ngazi hazielewani na pawa saplai nyingi zenye PFC (saketi ya kusawazisha mvuto wa umeme), kwa hiyo tafuta ya wimbi kamili. Pawa saplai iwe ya kiwango cha ATX 3.0 au 3.1. Hizo zimepimwa kustahimili mara mbili ya nguvu yake kwa mikrosekunde 100, na kadi hizi hurusha mzigo namna hiyo.

BintiShela

Na kabla ya kungoja N3 ikuokolee asilimia 15 au 20, zipate leo. Nguvu ni volti kwa kipeo cha pili mara kasi. Kutoka volti 1.05 hadi 0.90 ni 0.735. Asilimia 26 imekwenda kabla hata hujagusa kasi.

Kwenye Afterburner, programu ya kurekebisha kadi: fungua mchoro wa volti kwa Ctrl na F. Shusha mstari wote MHz 300, thibitisha. Kamata nukta ya mV 900, ipandishe hadi MHz 2,500, thibitisha; kulia kwake mstari unalala bapa. Jaribu nusu saa kwa gemu yenye miale, ray tracing, maana jaribio jepesi hupita halafu kadi inaanguka siku ya pili. Ikianguka, punguza MHz 30 au ongeza mV 15. Ikipita, panda 30. Kwenye Linux hakuna mchoro huo, weka ukomo wa wati tu: sudo nvidia-smi -pl 450.

Vipimo vya mtandaoni hufanywa chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba cha Malindi ni 30 na ushei, na joto la kadi hupanda karibu nyuzi kwa nyuzi.

Maweni88 (Malindi)

Kazi ni kuhariri video za 4K na gemu jioni. Saa nne kwa siku.

Fundi_Mkunguni (Lamu)

Wati 800 kwa saa nne ni yuniti 3.2 kila siku. Kompyuta yenye 5060 Ti, kadi ya wati 180, kwa jumla haifiki wati 350: yuniti 1.4. Kwa 4K ya kuhariri, GB 16 zinatosha, na njia yake ya GB 448 kwa sekunde hutaihisi mpaka uanze kupachika tabaka nyingi za rangi. Chukua hiyo, au 9070 XT kama programu yako haidai CUDA. Hiyo ina GB 640 kwa sekunde na wati 304. Nyingi za 9070 XT bado zinatumia plagi za zamani za pini 8, ila soma modeli kabla ya kulipa, wapo waliohamia 12V-2x6.

KijanaWatamu

Kwa hiyo 2027 hakuna anayengoja?

Nahodha_Mkomani

Angoje mwenye 4090. Ambaye kadi yake ya sasa ina GB 6 anangoja nini?